Je, Mpangaji Aliyekwisha Kuhamishwa Aweza Kushitakiwa Tena?



Nimetakiwa nizungumze juu ya kadhia ambayo aghalabu huulizwa katika vibaraza vya mabaraza yetu ya ardhi, tena huulizwa kwa sauti ya unyonge na mtu anayeshika hati ya wito mkononi, na ambayo ijapokuwa sura yake ni ndogo imebeba ndani yake jambo kubwa la uadilifu. Mwenye nyumba amemshitaki mpangaji wake, amepata hukumu, na amemtoa nyumbani kwa amri halali na kwa mkono wa dalali wa baraza. Je, aweza baada ya hayo kumfuata mtu yule yule kwa shauri la pili, ama kwa kodi iliyobaki, ama kwa dirisha lililovunjika, ama kwa miezi ambayo mkataba wa pango ulikuwa bado haujaimaliza?

Jibu langu nalitanguliza, ili msikilizaji ajue tangu sasa njia tunayoifuata. Aweza, lakini kwa lile tu ambalo halikuwa mkononi mwake alipoitwa kusema mara ya kwanza, au ambalo baraza halikupata nafasi wala mamlaka ya kulikata. Ama lile alilokuwa nalo akalinyamazia kwa hiari yake, au alilolidai akanyimwa, hilo limekwisha baina yake na mpangaji, wala haifai lisikilizwe tena. Haya yote yaliyobaki katika mhadhara huu ni sherehe ya maneno hayo machache.

Mji wetu wa Dodoma ni mahali pafaapo kuulizia swali hili. Wagogo, wenyeji wa nyanda hizi, walijenga tembe zao za miti na udongo ili zikaliwe na wenyewe na jamaa zao. Nyumba ya kukodisha ilishika mizizi hapa baada ya kufika reli ya kati, pamoja na wenye maduka, makarani na watumishi wa serikali za kikoloni. Mwaka 1973 TANU ilipoamua kwamba makao makuu ya nchi yahamie Dodoma, ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ambayo kwa zaidi ya miaka 40 ndiyo iliyopima viwanja na kuvigawa, hata ilipovunjwa Mei 2017 na kazi zake kukabidhiwa halmashauri ya manispaa. Julai 2016 Rais John Magufuli alitangaza kwamba Serikali ihamie hapa kwa kweli, na Aprili 2018 Dodoma ikapewa hadhi ya jiji. Sensa ya mwaka 2012 iliwahesabu wakazi zaidi ya 410,000 katika wilaya hii ya mjini, na ile ya 2022 ikawakuta zaidi ya 765,000. Watu wote hao, watumishi wa wizara zilizojengwa Mtumba, wanafunzi wa Chuo Kikuu kilichoanzishwa mwaka 2007, wafanyabiashara wa Majengo na mafundi wa Chang'ombe, hawakuja na nyumba zao. Wengi wao wamepanga, Nkuhungu na Ipagala, Kisasa na Ilazo, Nzuguni na Makulu, na mzee aliyestaafu akajenga vyumba vinne nyuma ya nyumba yake amekuwa mwenye nyumba bila ya kusoma hata ukurasa mmoja wa sheria ya upangishaji.

Fauka ya hayo, desturi ya kudai kodi ya miezi sita au ya mwaka mzima kwa mkupuo imezipa kesi zetu sura yake makhsusi. Mpangaji hulipa kwa shida mwanzoni, pamoja na ujira wa dalali aliyemwonyesha nyumba. Miezi sita ikiisha hana ya sita mingine. Huomba subira ya wiki, wiki huwa mwezi, mwezi huwa minne, na mwenye nyumba ambaye naye ana ada za watoto na mkopo wa benki hupoteza uvumilivu. Mwenyekiti wa mtaa huwaita, hawapatani, notisi huandikwa, na hatimaye jalada hufunguliwa. Katika haraka ile ya kutaka nyumba yake, mwenye nyumba huandika ombi moja tu: atolewe. Hapo ndipo kosa linapopandwa, nalo huchipua baada ya mwaka mmoja au miwili, siku anapokumbuka kwamba ile kodi ya miezi minne hakulipwa.

Tuitazame kwanza sheria ilipotoka. Zamani mpangaji wa Tanzania Bara alikuwa na ngao ya sheria yake mwenyewe. Mwaka 1971 Serikali ilitwaa majengo ya kupangisha yenye thamani iliyozidi shilingi 100,000, na mengi ya hayo hatimaye yakaingia mikononi mwa Shirika la Nyumba la Taifa. Na Sheria ya Udhibiti wa Kodi ya Nyumba ya mwaka 1984 iliweka mabaraza ya nyumba, ikadhibiti kiwango cha kodi, na ikamkataza mwenye nyumba kumtoa mpangaji bila ya amri na sababu inayokubalika. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo mahusiano ya wawili hawa yamesimama juu ya mkataba wao, juu ya sehemu ya upangishaji iliyomo katika Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, na juu ya Sheria ya Mikataba. Na magomvi yao hupelekwa, kwa Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi ya mwaka 2002, mbele ya Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, ambalo mwenyekiti wake huketi pamoja na wazee wa baraza. Baraza la Kata, ambalo hapo awali liliweza kuamua madai madogo, tangu mabadiliko ya mwaka 2021 limebakiwa na kazi ya kusuluhisha tu. Kwa hiyo mpangaji wa leo hana tena ngao ile ya 1984. Kinga kubwa iliyombakia dhidi ya kushitakiwa mara kwa mara imo katika kanuni za mwenendo wa mashauri, ambazo watu huzidhani kuwa ni mambo makavu ya mawakili, kumbe ndizo zinazomwezesha mnyonge kulala usingizi.

Kanuni hizo ni mbili, nazo hupaswa kushikwa kila moja kwa mkono wake.

Ya kwanza imo katika kifungu cha 9 cha Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai ya mwaka 1966. Inakataza mahakama yoyote kusikiliza jambo ambalo limekwisha kuamuliwa baina ya wadaawa wale wale. Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika hukumu iliyomo kwenye juzuu ya taarifa za hukumu za mwaka 2003, iliyapanga masharti yake kuwa matano: kwamba jambo linalobishaniwa katika shauri la pili liwe ndilo lililobishaniwa hasa katika la kwanza, kwamba wadaawa wawe wale wale au watu wanaodai kupitia kwao, kwamba wawe wamesimama kwa cheo kile kile cha haki, kwamba mahakama iliyoamua la kwanza iwe na mamlaka ya kulisikiliza na hili la pili, na kwamba jambo liwe limesikilizwa na kukatwa kwa ukomo. Sharti moja likikosekana, kinga yote haisimami. Na maelezo ya kifungu hicho yanaongeza mambo mawili ambayo mwenye nyumba hana budi kuyahifadhi moyoni: kwamba hoja ambayo mtu angeweza na alipaswa kuileta katika shauri la kwanza huhesabiwa kana kwamba aliileta; na kwamba nafuu iliyoombwa katika hati ya madai, kisha hukumu ikanyamaza juu yake, huhesabiwa kuwa imekataliwa.

Ya pili imo katika Amri ya II, kanuni ya 2, ya sheria hiyo hiyo. Yeye anayeshitaki anatakiwa alete dai lake lote linalotokana na kiini kimoja cha madai. Akiacha sehemu yake, au akiisamehe kwa makusudi, haruhusiwi kuishitakia sehemu hiyo baadaye. Na ikiwa alikuwa na haki ya nafuu kadhaa kwa kiini kile kile, akaomba moja akaziacha nyingine bila ya idhini ya mahakama, zile nyingine zimempotea. Kanuni hii tumeirithi kutoka India, kwa kuwa sheria ya mwenendo ya India ya mwaka 1908 ndiyo iliyotumika Tanganyika wakati wa Waingereza, na ile yetu ya 1966 ikafuata nyayo zake. Jambo la kuzingatiwa ni kwamba waandishi wa sheria ya India walipotaka mfano wa kuieleza kanuni hii hawakwenda mbali: walimtaja mwenye nyumba. Wakasema, mtu amempangisha mwenzake nyumba kwa rupia 1,200 kwa mwaka. Kodi ya 1905, 1906 na 1907 yote haikulipwa. Mwaka 1908 akashitaki kwa kodi ya 1906 peke yake. Basi haruhusiwi tena kuishitakia ya 1905 wala ya 1907. Zaidi ya miaka 100 imepita tangu mfano huo uandikwe, nao unamfaa mwenye nyumba wa Area C hapa mjini kama ulivyomfaa yule wa Bombay.

Sasa natuzifanyie kanuni hizo mtihani kwa mfano wa kubuni, ambao naomba asiutafutie mtu mwenyewe. Nyumba iko Nkuhungu. Mkataba ni wa miaka miwili kuanzia Januari, kwa kodi ya shilingi 200,000 kwa mwezi. Mpangaji alilipa miezi sita. Julai hadi Oktoba hakulipa. Mwanzoni mwa Novemba mwenye nyumba akafungua maombi katika Baraza la Wilaya, akaomba jambo moja, arudishiwe nyumba yake kwa sababu kodi haikulipwa. Machi ya mwaka wa pili akapata hukumu, na mwisho wa Mei dalali wa baraza akamtoa mpangaji. Mwenye nyumba alipoingia akakuta sinki limeng'olewa, milango miwili imepasuliwa, na ankara ya maji imelimbikizana. Akakaa, akapiga hesabu, akaona anadai mambo manne: kodi ya Julai hadi Oktoba, ambayo ni shilingi 800,000, malipo ya Novemba hadi Mei, miezi saba mpangaji aliyokaa ndani huku kesi ikiendelea, shilingi 1,400,000, gharama ya uharibifu, na kodi ya miezi saba iliyobaki katika mkataba, Juni hadi Desemba. Je, katika manne hayo lipi liko hai?

La kwanza, ile kodi ya Julai hadi Oktoba, liko katika hatari kubwa. Ilikuwa imeiva na kujulikana siku shauri lilipofunguliwa. Tena ndiyo iliyokuwa msingi wa ombi la kutaka nyumba, kwa maana mwenye nyumba alilieleza baraza kwamba anamtoa mpangaji kwa sababu ya kodi hiyo hiyo. Sheria haikumzuia kuyaunganisha madai mawili: Amri ya II, kanuni ya 4, inaruhusu kwa bayana kwamba katika shauri la kudai mali isiyohamishika mtu aongeze na malimbikizo ya kodi, na fidia ya kuvunjwa kwa mkataba uliomwingiza mpangaji. Aliyeruhusiwa kusema akanyamaza hana wa kumlaumu. Lakini insafu yataka niseme na upande wa pili. Ikiwa mwenye nyumba alidai nyumba kwa sababu nyingine, tuseme muda wa mkataba umekwisha na mpangaji hataki kutoka, wala hakuitaja kodi kabisa, basi wakili wake atakuwa na hoja kwamba kiini cha dai la nyumba ni kwisha kwa mkataba, na kiini cha dai la kodi ni kutolipa, na kwamba hivyo ni viini viwili ambavyo kuviunganisha ni ruhusa, si faradhi. Hoja hiyo ina uzito. Mwenye busara haisubiri. Huyaunganisha madai yote tangu mwanzo.

La pili, malipo ya miezi ya Novemba hadi Mei, lina hali tofauti, kwa kuwa siku ya kufungua shauri miezi hiyo ilikuwa bado haijazaliwa. Sheria inayatambua mapato hayo na kuyafafanua: ni faida ambayo mtu anayeikalia mali ya mwenzake pasipo haki ameipata, au angeipata kwa bidii ya kawaida. Mahakama inayotoa hukumu ya kurudisha nyumba yaweza katika hukumu hiyo hiyo kuagiza uchunguzi wa mapato hayo mpaka siku nyumba inapokabidhiwa. Kama mwenye nyumba aliyaomba, na hukumu ikayaagiza, basi hana haja ya shauri la pili. Aende mbele ya baraza lile lile akamilishe uchunguzi na akaze hukumu yake. Kama hakuyaomba, madai ya siku zilizofuata kufunguliwa kwa shauri yana nafasi ya kusikilizwa peke yake, kwa sababu kila siku ya kukalia nyumba pasipo haki ni dhulma mpya, na dhulma mpya haiwezi kuzikwa na hukumu iliyokuwa ikitazama ya zamani.

La tatu, uharibifu wa sinki na milango, ndilo lililo hai kuliko yote. Mwenye nyumba hakuweza kuliona kabla ya kuingia, baraza halikuliamua, mpangaji hakujibu lolote juu yake. Kumzuia mwenye nyumba hapa kungekuwa ni kumpa mpangaji leseni ya kubomoa siku ya mwisho. Ankara ya maji nayo huamuliwa kwa mizani hiyo: ile iliyotangulia shauri na kujulikana ina mushkeli wa dai la kwanza, na ile ya baadaye iko wazi. Lakini dai kuwa hai si sawa na dai kuthibitishwa. Atakayeshinda ni yule aliyeandika hali ya nyumba siku mpangaji alipoingia, akaandika na siku alipotoka, mbele ya mwenyekiti wa mtaa, na mpangaji mwenyewe au mtu wake akatia sahihi.

La nne, kodi ya Juni hadi Desemba, ni dhaifu kwa sababu mbili. Mwenye nyumba mwenyewe ndiye aliyeomba mkataba ukomeshwe, na kodi huenda pamoja na kukaa. Kilichobaki kwake ni fidia ya kuvunjwa mkataba, ambayo nayo, kwa kanuni ya 4 niliyoitaja, angeweza kuidai pamoja na nyumba. Pili, kifungu cha 73 cha Sheria ya Mikataba kinataka katika kupima fidia ziangaliwe njia alizokuwa nazo mdai za kupunguza hasara yake. Katika mji ambao watu wanatafuta vyumba kila siku, mwenye nyumba aliyeiacha nyumba yake imefungwa miezi saba ili amdai mtu aliyeondoka atapata taabu kumridhisha mwenyekiti wa baraza.

Ziko njia nyingine ambazo kwazo watu hujaribu kuukwepa ukomo wa hukumu, nazo natuzitaje. Yuko anayemtanguliza mwanawe aliyerithi nyumba, au mtu aliyeinunua, ili mdai aonekane mpya. Lakini sheria imesema wazi kwamba wanaodai kupitia kwa mdaawa wa kwanza wamefungwa pamoja naye. Yuko anayebadilisha jina la dai, lililokuwa kodi akaliita hasara, lililokuwa hasara akaliita fidia ya usumbufu. Mahakama hutazama kiini wala haidanganyiki kwa vazi. Na yuko aliyeshinda kwa hukumu ya upande mmoja, mpangaji asipotokea, ambaye hudhani kwamba kwa kuwa hapakuwa na mabishano ana ruhusa ya kurudi na mengine. Hukumu ya upande mmoja ni hukumu kamili maadamu haijatenguliwa. Inamfunga aliyekosa kufika, na inamfunga vile vile aliyefika.

Kinyume chake, yako mambo yanayofanana na hukumu ya mwisho nayo siyo. Shauri lililoondolewa kwa kasoro ya utaratibu, bila ya kusikilizwa kiini chake, halijakatwa, na mwenye nyumba aweza kulirudisha akiisha kurekebisha kasoro. Shauri ambalo mdai amelitoa kwa idhini ya mahakama ya kulifungua upya, chini ya Amri ya XXIII, liko vivyo hivyo. Ila aliyelitoa bila ya idhini hiyo amejifungia mwenyewe. Na shauri lililoamuliwa na chombo kisicho na mamlaka haliwezi kuwa kizuizi kwa lolote, kwa kuwa hukumu yake ni batili tangu asili.

Hapa pana tofauti ambayo wengi hawaioni. Mpangaji aliyetolewa pasipo amri yoyote, kwa kubadilishiwa kufuli usiku, au kwa kuezuliwa mabati, au kwa vyombo vyake kutupwa uani mvua ikinyesha, huyo hana hukumu ya kujikinga nayo, kwa sababu hapakuwa na shauri. Mwenye nyumba aweza kumshitaki kwa kodi anayodaiwa kana kwamba ni mara ya kwanza, maana ni mara ya kwanza kweli. Lakini naye afahamu kwamba amempa mpangaji madai kinzani makubwa kuliko kodi yenyewe: fidia ya kunyimwa utulivu wa makazi ambao mkataba ulimdhaminia, ya mali iliyoharibika, na ya aibu. Wengi wanaojichukulia sheria mkononi huenda barazani wakidai laki tano wakarudi wakidaiwa milioni.

Muda nao una hukumu yake. Kwa Sheria ya Ukomo wa Muda ya mwaka 1971, madai ya mkataba na ya malimbikizo ya kodi huishi miaka 6. Madai ya madhara yasiyotokana na mkataba huishi miaka 3. Na aliyepata hukumu ana miaka 12 ya kuikaza. Hayo yananipeleka kwenye nukta ambayo ingewaokoa watu na gharama nyingi: mwenye nyumba ambaye hukumu yake ya kwanza ilimpa nyumba na fedha, kisha akapata nyumba peke yake, hahitaji wala haruhusiwi kufungua shauri jipya kwa fedha zile. Masuala yote ya utekelezaji wa hukumu baina ya wadaawa hukatwa na chombo kile kile kinachoitekeleza. Aombe kukaza hukumu, na kama mpangaji amehamia Singida au Manyoni, hukumu yaweza kupelekwa huko ikakazwe.

Wala mtu asidhani kwamba fikira hii ya kukomesha ugomvi ni ya Wazungu peke yao. Ni kweli kwamba Warumi walikuwa nayo, na kwamba London mwaka 1843, katika kesi ya mirathi ya ndugu, Jaji Wigram aliwataka wenye madai wailete kadhia yao nzima kwa mara moja, na neno lake likaenea katika mahakama zote zilizoguswa na sheria ya Kiingereza. Ndiyo maana Kenya na Uganda, kila moja katika kifungu cha 7 cha sheria yake ya mwenendo wa madai, zina katazo lile lile la kifungu chetu cha 9. Lakini makadhi waliohukumu katika pwani yetu kabla ya bendera yoyote ya Ulaya walisoma fikhi inayofundisha kwamba ijtihadi haitenguliwi na ijtihadi mfano wake, kanuni ambayo Waturuki wa Uthmaniya waliiandika kuwa kifungu cha 16 cha Majalla yao. Nao walijua habari ya Sayyidna Umar, ambaye katika suala la mirathi ya ndugu alihukumu mwaka mmoja kwa namna moja na mwaka mwingine kwa namna nyingine, na alipoulizwa aliiacha hukumu ya kwanza kama ilivyokuwa na ya pili kama alivyoiona. Huyu ni mtu aliyekuwa radhi kuirudia haki popote alipoiona, na bado hakuwarudisha barazani watu ambao kadhia yao ilikwisha. Mataifa mbalimbali, kwa njia mbalimbali, yamefika mahali pamoja: hukumu isiyo na ukomo ni adhabu kwa aliyeshinda na kwa aliyeshindwa.

Adhabu hiyo humwangukia zaidi aliye maskini. Mwenye nyumba anaweza kuweka wakili na kulipa ada ya kufungua jalada mara tatu. Mpangaji aliyekwisha kupoteza makazi, ambaye watoto wake wamebadilishwa shule na ambaye biashara yake ya genge imekufa, hana nauli ya kwenda barazani mara ya pili, na asipokwenda hukumu itatoka bila yake. Kumruhusu mwenye nguvu agawe dai lake vipande, alete kimoja leo na kimoja mwakani, ni kumpa silaha ya kumchosha mwenzake hata akiri deni ambalo si lake. Kwa upande wa pili, mwenye nyumba aliyeharibiwa mali siku ya mwisho naye ni mja mwenye haki, mara nyingi mjane au mstaafu ambaye vyumba vile ndiyo pensheni yake, na kumwambia amekwisha kushitaki mara moja kwa hiyo avumilie uharibifu ni dhulma ya namna nyingine. Kanuni zile mbili zimewekwa zipite katikati ya dhulma hizo mbili, na uzuri wake ni kwamba hazimdai yeyote kitu kizito: zinamtaka aseme ukweli wote kwa wakati mmoja.

Basi nasaha yangu kwa wenye nyumba ni hii. Kabla ya kufungua maombi, keti na karatasi uandike yote: nyumba, malimbikizo ya kodi mwezi kwa mwezi, malipo ya kila mwezi mpangaji atakaoendelea kukaa hadi siku ya kukabidhi, gharama za maji, fidia, na gharama za shauri, yaombe yote, na kama kuna unaloliacha kwa sababu ya haki, omba idhini ya baraza ya kuliacha. Hukumu ikitoka, isome. Kama imenyamaza juu ya ombi lako, kata rufaa au omba marejeo kwa wakati, kwa kuwa ukimya wake ni kukataa.

Na kwa wapangaji: wito ukifika, nenda. Ukishitakiwa mara ya pili, usikae nyumbani ukajiambia kwamba kesi ilikwisha. Baraza halijui kwamba ilikwisha mpaka ulionyeshe nakala ya hukumu na hati ya madai ya shauri la kwanza, na kinga hii huletwa kwa pingamizi mwanzoni kabisa mwa majibu yako. Zitunze karatasi hizo pamoja na risiti za kodi kwa miaka isiyopungua 6. Mkisuluhishana mbele ya Baraza la Kata au nje yake, maneno ya kwamba hakuna anayemdai mwenzake yaandikwe, yatiwe sahihi, na suluhu isajiliwe barazani. Asiye na uwezo wa wakili asikate tamaa: Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria, nao wako katika wilaya zetu, na tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama na mabaraza yetu, kwa hiyo hukumu yako waweza kuisoma mwenyewe.

Na kwa wenyeviti wa mabaraza na wazee wanaoketi pamoja nao, nawaomba jambo moja. Mtu anapokuja na dai la kutaka nyumba peke yake, bila wakili na bila kujua, mwulizeni siku ya kwanza kama hana dai jingine juu ya mpangaji huyo, na jibu lake liandikwe katika mwenendo wa shauri. Swali hilo halichukui dakika tano, nalo litawaepusha watu wawili na miaka mitano ya kushitakiana.